Chuo cha Baharini na Mashimo ya Bamburi

Mwaka 1963 meli iling'oa nanga New York ikiwa ni chuo. Wanafunzi walisoma wakiwa njiani, na katika kila bandari walishuka kutazama nchi za watu. Desturi hiyo yaendelea mpaka leo, na meli yake, World Odyssey, imekwisha kutia nanga Kilindini.

Mwanafunzi wake akivuka daraja la Nyali, hakawii kufika Bamburi. Huko mawe ya matumbawe yalichimbwa kwa kutengeneza saruji tangu mwaka 1954, yakabaki mashimo makavu. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda humo. Alijaribu miti ya aina 26. Zikashika aina 3 tu, ukiwamo mvinje. Lakini majani ya mvinje yalipopukutika hayakuoza. Basi wakaletwa majongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo pana msitu.

Meli hukaa siku chache ikaenda zake. Udongo ule haukupatikana kwa siku chache. Mwana wa Kisauni aweza kujifunza somo hilo bila nauli ya meli, mradi naye ashuke atazame kama mgeni.