Inchi Mbili Zinatosha

Pikapu yetu, Hilux ya zamani, ndiyo inayopandisha madumu ya maji, na mama yangu, hadi nyumbani kwenye mawe ya juu, Mkolani. Masika njia inachimbika, mawe yanachomoza, tumbo la gari linakwangua. Kwa hiyo kuinyanyua halikuwa suala la mbwembwe.

Fundi alinipa njia tatu. Kukaza tosheni baa, zile nondo za mbele zinazofanya kazi ya springi: bei poa, ila tairi linabaki na nafasi ndogo ya kushuka, gari linadunda kama mkokoteni. Kuweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi za nyuma: gari linapanda, nguvu ya kubeba inabaki ileile. Au seti kamili, springi na shokapu ndefu, kwa bei inayouma.

"Dada, weka inchi 4, utaonekana."

Nionekane na nani, ng'ombe wa Buhongwa? Inchi 4 zinavuta mipira ya breki, zinabadilisha pembe ya propela shafti na kupeleka uzito juu, hatari tupu kwenye kona za mteremko. Halafu kuna magoti ya mama. Nilimwomba ajaribu kupanda gari la jirani lililonyanyuliwa. Aliinua mguu mmoja, akaushusha.

"Mwanangu, mtanipakia kama gunia la mpunga?"

Tukachukua seti kamili, ya inchi 2. Fundi akachomelea na ngazi ya bomba pembeni. Mama ameagiza ipakwe rangi nyeusi.