Kipimo cha Haki katika Kazi ya Chapa

Katika kazi zilizowasaidia Wakristo wa nchi yetu kusoma na kufahamu, kazi ya kupiga chapa haiwezi kusahauliwa. Katika karne ya 19 Edward Steere, aliyekuwa askofu baadaye, alitumia mtambo wa chapa huko Unguja pamoja na vijana wa misheni, na mwaka 1888 misheni hiyo hiyo ikaanza kutoa gazeti la Msimulizi. Baada yake vilikuja viwanda vya chapa vya Wabenedikto huko Ndanda na Peramiho, na kile cha Kipalapala karibu na Tabora, na cha Inland huko Mwanza. Vitabu vyao vimefika hata kwetu Nkololo. Lakini wengi wetu twakijua kitabu kikiisha kushonwa tu. Kazi inayotangulia wino hatuijui. Leo nataka kueleza sehemu moja ya kazi hiyo, nayo ni kusawazisha mtambo unaotoa filamu za chapa. Ni jambo dogo machoni, lakini latugusa kuliko tunavyodhani.

Kwanza tujue siri ya picha. Mashine ya chapa haina wino wa kijivu. Ina wino mweusi na karatasi nyeupe, basi. Kivuli cha katikati hupatikana kwa hila: picha nzima hugawanywa kuwa vitone vidogo sana, mahali penye giza vitone huwa vinene, na mahali penye nuru huwa vyembamba. Jicho likitazama kwa mbali huchanganya vitone na karatasi, likaona kijivu. Mwenye kioo cha kukuzia na aitazame picha ya gazeti, naye atayaona haya mwenyewe. Wapiga chapa huhesabu vitone kwa sehemu za mia: 0 ni karatasi tupu, 100 ni weusi mtupu, na 50 ni mahali ambapo wino na karatasi vimegawana nusu kwa nusu.

Hapo zamani herufi za risasi zilipangwa kwa mkono, na picha zikachorwa juu ya mabamba. Kisha ikaja filamu. Tangu miaka ya 1980 kompyuta ilianza kuongoza mwali mwembamba wa nuru, uitwao leza, uandike juu ya filamu nukta ndogo mno, aghalabu 2,400 katika inchi moja. Nukta hizo hukusanywa kufanya kitone kimoja. Picha ikiwa na safu 150 za vitone katika inchi, kila kitone hupewa mraba wa nukta 16 kwa 16, yaani nafasi 256 za kujazwa au kuachwa. Filamu husafishwa kwa dawa kama picha za kawaida, ikakazwa, ikaoshwa, ikakaushwa. Kutoka katika filamu hufanywa bamba, na kutoka katika bamba hupigwa chapa.

Sasa ndipo penye hatari. Kompyuta yaweza kuagiza kitone cha 50, na filamu ikatoa 57. Kwa nini? Nuru ya leza ilikuwa kali mno. Au dawa imepata moto kupita kiasi. Au imechoka kwa kusafisha filamu nyingi. Au filamu ya leo ni ya namna nyingine kuliko ya jana. Mtambo haupigi kelele, wala haukwami. Hutoa filamu safi yenye kung'aa, na filamu hiyo si ya kweli.

Hasara yake ni nini? Nitaeleza jambo nililoliona darasani. Palikuwa na kitabu cha kusoma chenye picha ya mama akichambua pamba mbele ya nyumba yake. Niliwaambia watoto waieleze. Wakataja kanga, na ungo, na kuku, na mlango. Kisha binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona mama huyu hana macho?" Nikatazama, na kweli hayakuonekana. Uso wote ulikuwa doa jeusi. Katika ukurasa uliofuata palikuwa na picha ya mgeni mweupe, na kila kunyanzi la uso wake lilionekana wazi. Watoto wakanyamaza, nami nilijua ya kuwa ukimya ule ulikuwa na swali ndani yake.

Niliwajibu hivi, nanyi wasomaji nawajibu vivyo hivyo. Rangi yetu si kosa, wala wino hauna chuki. Uso wa mtu mweusi katika picha aghalabu hukaa katika vivuli vizito, tuseme baina ya 70 na 85; na tofauti kati ya shavu na jicho ni sehemu chache tu za mia. Filamu ikiongeza sehemu kadhaa, na karatasi ya bei nafuu ikaunyonya wino na kuutawanya, basi 70 na 85 zote huishia karibu na 100. Tofauti imekufa, na macho yamekufa pamoja nayo. Uso mweupe hukaa katika vivuli vyepesi. Vitone vyake vyaweza kuvimba na bado pakabaki nafasi. Kwa hiyo kosa lile lile la mtambo humdhuru mmoja kidogo na kumfuta mwingine kabisa. Asiyepima hana haja ya kuwa na nia mbaya ili adhulumu.

Watu wa Simiyu hawahitaji kufundishwa hasara ya kipimo kibovu, maana pamba yetu hupita juu ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma waliishuku mizani ya wanunuzi, na shaka hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu zilizowafanya waungane katika vyama vya ushirika. Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikapata shirikisho lao kubwa la Victoria. Mkulima haridhiki akiambiwa tu ya kwamba mizani ni nzuri. Ataka kuona mambo matatu: mizani tupu isimame kwenye sifuri, jiwe la uzito unaojulikana likiwekwa, mizani iseme uzito huo huo, na jambo hilo lirudiwe kila msimu, maana mizani iliyokuwa ya haki mwaka jana yaweza kupotoka mwaka huu. Ndiyo sababu Wakala wa Vipimo hupita kukagua mizani.

Kazi ya filamu ni hiyo hiyo. Fundi hutumia chombo kiitwacho densitometa, kipimacho kiasi cha nuru kinachopenya. Kwanza hukiweka juu ya filamu tupu isiyo na alama na kukisimamisha kwenye sifuri, kama mizani isiyo na mzigo. Kisha hutazama dawa: moto wake, nguvu yake, na mwendo wa filamu ndani yake. Dawa ikiisha kutulia, ndipo hupima weusi mtupu. Weusi wa kipimo cha 3 maana yake nuru inayopenya ni sehemu moja katika 1,000. Weusi wa 4 ni sehemu moja katika 10,000. Mafundi wengi hutaka weusi ufike 3.5 au zaidi, ili nuru isipenye mahali isipotakiwa wakati wa kufanya bamba. Wakiukosa, huongeza nuru ya leza. Ukizidi mno, huipunguza, maana nuru iliyozidi huvimbisha vitone.

Baada ya hayo mtambo huagizwa utoe ngazi ya vivuli: 0, 5, 10, 20, na kuendelea hata 100. Fundi hupima kila kidato na kuiandikia kompyuta hesabu aliyoipata. Kompyuta ikijua ya kuwa 50 imetoka 57, hujifunza kuagiza pungufu hata filamu itoe 50 kamili. Kisha ngazi hutolewa mara ya pili na kupimwa tena, maana marekebisho yasiyojaribiwa ni matumaini tu. Vidato vikiwa ndani ya sehemu 2 za mia, kazi ni njema. Kila namna ya filamu na kila wembamba wa vitone huwa na masahihisho yake. Kuvimba kwa wino juu ya karatasi nako huhesabiwa, lakini baadaye na peke yake, filamu ikiisha kusema kweli.

Utaratibu huu haupinduliwi. Fundi mvivu, akiona vitone vinene, huharakia kubadili hesabu katika kompyuta, hali kosa limo ndani ya dawa. Leo picha itaonekana nzuri. Kesho dawa ikibadilishwa, mambo yote yataharibika tena, wala hatajua kwa nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Siku hizi viwanda vingi vimeacha filamu. Leza huandika moja kwa moja juu ya bamba. Wengine bado huitumia, na hata wapigao chapa fulana za sherehe mjini hutumia filamu. Lakini mtambo mpya haukuondoa haja ya kupima. Bamba nalo lina nuru yake na vitone vyake, na laweza kupotoka vile vile.

Jambo moja katika kazi hii lanifundisha zaidi ya yote. Mtambo hauwezi kujipima wenyewe, wahitaji densitometa. Na densitometa yenyewe huja na kibao chenye vipimo vilivyothibitishwa, ili nayo ijaribiwe. Hakuna kilicho kipimo cha nafsi yake. Kitabu cha Mithali chatuonya juu ya mizani ya udanganyifu, nasi hudhani maneno hayo ni ya wafanyabiashara tu. Lakini mwalimu asahihishaye daftari, na mzee wa baraza aamuaye shauri, na mzazi agawaye chakula kwa wanawe, kila mmoja ana kipimo mkononi, nacho hupotoka polepole pasipo kelele.

Basi, ndugu wasomaji, kanisa au shule ikipeleka picha zake kupigwa chapa, mwombeni fundi karatasi moja ya majaribio kabla ya zile elfu. Msitazame herufi peke yake. Tazameni nyuso za akina mama na za watoto, mkaulize kama macho yanaonekana. Yasipoonekana, semeni kwa upole, lakini msikubali. Fundi mwema hatakasirika. Atakwenda kupima tena.

Mwalimu, Nkololo