Kapenguria: jela iliyojaa viroja

Je, msomaji, umewahi kufunga safari ya kilomita mia nne hivi kwenda kutazama jela? Najua utacheka. Jela ni mahali ambapo mtu huomba Mungu asipaone, seuze kulipa nauli na kiingilio. Lakini mimi nilifanya hivyo mwaka uliopita, na nikirudi Nairobi nilikuwa na maneno mengi kuliko waliokwenda Mombasa kuota jua.

Panda basi la usiku, alfajiri itakukuta Kitale. Kunywa chai ya moto kwanza, kwa maana baridi ya Trans Nzoia haina huruma kwa mtu wa mjini, kisha tafuta matatu ya Makutano. Ni mwendo wa karibu kilomita 40 katika barabara ile ile iendayo Lodwar. Vilima vya Cherang'ani vitakusindikiza upande wa kulia. Makutano ndipo penye zogo: maduka, mbuzi, boda boda, akina mama wenye maembe. Kapenguria yenyewe imejitenga kando kidogo, imetulia tuli kama mzee aliyekwisha kusema yote aliyotaka kusema. Leo ni makao makuu ya kaunti ya Pokot Magharibi. Mwaka wa 1952 hapakuwa na hoteli wala simu, na mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali.

Ndiyo sababu palichaguliwa.

Oktoba 20, 1952 serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari, na usiku huo huo ikaanza kuwazoa viongozi wa KAU. Sita kati yao ndio unaowajua kutoka vitabu vya shule: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Walishtakiwa kwamba ndio waliokuwa wakiendesha Mau Mau. Serikali haikutaka kesi iwe Nairobi, mahali watu wangejaa barabarani. Ilitaka iwe mbali, penye vumbi na ukimya.

Sasa tazama kiroja. Sheria ilitaka mshtakiwa ahukumiwe katika wilaya aliyokamatwa, na hawa hawakukamatwa Kapenguria. Basi wakaletwa huko, wakaambiwa wako huru, na kabla hawajapiga hatua ya maana wakakamatwa tena. Mambo yakawa halali! Chumba cha shule kikageuzwa mahakama. Hakimu, Ransley Thacker, alikuwa jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa kesi hiyo moja, na wanahistoria wameandika kwamba serikali ilimlipa pauni 20,000 kando ya mshahara.

Mawakili walilala Kitale, wakawa wakienda na kurudi kila siku. Mkubwa wao, D. N. Pritt, alitoka London. Wengine walitoka India, Nigeria, Jamaica na hapa hapa Kenya, akiwemo Fitz de Souza ambaye baadaye alikuwa naibu spika wa bunge letu. Kwa kuwa hoteli za Kitale zilikuwa za Wazungu, watu hawa waliokuwa wakitetea kesi moja hawakuweza kukaa meza moja wakala chakula cha jioni. Isitoshe, Pritt mwenyewe alishtakiwa kwa kuidharau mahakama baada ya kupeleka simu ya maandishi London akilalamika kwamba haki inanyimwa. Alishinda kesi hiyo, akarudi kuwatetea wateja wake.

Aprili 8, 1953 wote sita walihukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Kisha, Julai, Mahakama Kuu ikagundua kwamba Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa mkoa ambao Kapenguria haikuwa ndani yake! Baada ya hila zote zile za kuwaachilia na kuwakamata upya, serikali ilikuwa imekosea ramani. Usidhani walifunguliwa, hata hivyo. Mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki iliupangua uamuzi huo upesi.

Lakini kiroja kinachonikosesha usingizi mimi ni cha shahidi. Rawson Macharia alikuwa shahidi wa kwanza wa serikali. Aliapa mahakamani kwamba alimwona Kenyatta kwa macho yake akilisha watu kiapo mwaka wa 1950. Ushahidi wake ulikuwa mzito. Mwishoni mwa 1958, mtu huyo huyo akaandika hati ya kiapo akisema kwamba alidanganya, na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza kwa gharama ya serikali. Barua ya ahadi hiyo ilikuwapo.

Sasa nikuulize, wewe ungemshtaki kwa lipi? Mtu amekiri kwamba alisema uongo na watu sita wakafungwa. Serikali ilimshtaki kweli. Ila haikumshtaki kwa uongo wa Kapenguria. Ilimshtaki kwa kusema kwamba alidanganya Kapenguria! Akafungwa jela. Alipotoa ushahidi ule wa kwanza aliahidiwa chuo, na alipoukana akapewa pingu. Mwanafunzi wa sheria anayesoma ukurasa huu anaweza kuandika insha nzima hapo.

Siku hizi, majengo ya jela yenyewe ni makumbusho, tangu 1993. Nje utaona boma la Kipokot lililojengwa ili wageni wajue wenyeji wanavyoishi, na ukiwa na watoto wataanzia huko, huwezi kuwazuia. Wewe ingia vyumbani. Ni vidogo, kuta nene, na ukisimama katikati sauti yako hukurudia. Humo kuna picha na maelezo ya wale sita. Mgeni husoma, hutikisa kichwa, husema, "Walituteswea hawa," kisha hupiga picha mlangoni.

Mimi nilikaa zaidi. Nilikuwa na daftari, nikawa najaribu kukumbuka kila mmoja aliishia wapi.

Kenyatta unajua. Mwaka wa 1960 gavana Renison alimwita kiongozi wa giza na mauti, na Juni 1963 gavana mwingine alisimama kando yake akimwapisha kuwa waziri mkuu. Karumba alikuwa mfanyabiashara. Mwaka wa 1974 alikwenda Uganda ya Idi Amin, asionekane tena. Kubai alikuwa mbunge na waziri msaidizi. Ngei alikuwa waziri, na alipopoteza kiti chake kwa kesi ya uchaguzi mwaka wa 1975, katiba ilibadilishwa haraka haraka ili rais apate uwezo wa kumsamehe. Miaka 15 baadaye alitangazwa kuwa amefilisika, akapoteza kiti kile kile, na hapo hapakuwa na wa kubadilisha katiba.

Kaggia ndiye aliyenisimamisha. Yeye alizidi kudai kwamba waliopigania ardhi wapewe ardhi. Mwaka wa 1965, mbele ya umati wa watu, Rais Kenyatta alimwuliza amejifanyia nini. Akamtajia wenzao wa jela: Ngei ana shamba, Kubai ana nyumba kubwa, Karumba ana mabasi, wewe Kaggia una nini? Mwaka wa 1968 Kaggia alikuwa gerezani tena, safari hii kwa kufanya mkutano bila kibali, katika nchi huru. Alifariki mwaka wa 2005, bado mtu wa maisha ya kawaida.

Na Oneko? Yeye rufani ilimwondolea hatia Januari 1954, lakini hakwenda nyumbani. Mkoloni alimweka kizuizini miaka mingine hadi 1961. Akawa waziri wa habari katika serikali ya rafiki yake, akajiuzulu mwaka wa 1966 kujiunga na KPU, na Oktoba 1969, baada ya ghasia za Kisumu, serikali ya rafiki huyo ikamtia kizuizini bila kesi hadi 1975. Mkoloni walau alimpa kesi moja. Oneko ndiye aliyefariki wa mwisho kati ya sita hao, mwaka wa 2007.

Haki isemwe: urafiki wao ulikwisha kutetereka kabla ya uhuru. Huko Lokitaung walikopelekwa baada ya hukumu, katika joto lisilosemeka, Kenyatta akiwa mpishi wa wafungwa kwa sababu ya umri wake, wenzake walimgeukia na wakagombana vibaya. Picha za makumbusho haziwezi kuonyesha hayo. Picha zimewapanga sawasawa.

Nilipokuwa bado naandika, kundi la watoto wa shule ya msingi liliingia na mwalimu wao, sare za kijani, viatu vimejaa vumbi. Mwalimu akasoma majina yote sita kwa sauti, watoto wakayarudia. Kijana mmoja mdogo wa nyuma akainua mkono.

"Mwalimu, babu yangu alisema Oneko alifungwa na Wazungu halafu akafungwa na Kenyatta. Na walikuwa pamoja hapa?"

Chumba kilinyamaza. Mwalimu alinitazama mimi, kisha daftari langu, kisha akakohoa.

"Walikuwa pamoja hapa," akasema. "Hilo lingine haliko katika mtihani."

Akawaita waende nje kula mandazi, wakatoka mbio wakisukumana. Yule kijana alibaki nyuma kidogo. Alitazama picha ya Kenyatta, akatazama ya Oneko, akarudi tena kwa ya kwanza, huku midomo yake ikicheza kama mtu anayefanya hesabu ya kutoa. Kisha mwenzake akamwita, akatoka.