Zamu ya Maji Kisiwani

Mtu aliyezaliwa Pemba akilisikia neno "kisiwani", moyo wake huelekea baharini. Huona ngalawa na mikoko. Husikia maji yakipwa na yakijaa. Kwa hiyo dereva yule wa lori, Mpemba aliyehamia Tanga ujanani na kuzeekea barabarani, hakuacha kutabasamu kila alipokipita kijiji cha Kisiwani, wilayani Same, chini ya milima ya Upare. Hapo bahari haipo. Upande mmoja imesimama milima ya Upare Kusini, ambayo kilele chake cha Shengena kimefika mita 2,462; upande wa pili zimetandaa nyika kavu za Mkomazi, zinazokwenda hata zikapakana na Tsavo ya Kenya. Katikati hupita barabara inayotoka Mkomazi, ikapitia Ndungu na Maore na hapo Kisiwani, hata Same mjini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati Mkomazi ingali pori la akiba na njia yote hiyo ni ya vumbi. Lori lilikuwa limesheheni matenga ya nyanya. Juu ya matenga waliketi akina mama watatu, wenye mali, waliotaka kuwahi soko la Same kabla ya jua kuchwa. Nyanya, kama ijulikanavyo, haina subira. Huiva leo, ikaoza kesho.

Karibu na Kisiwani kikasikika kishindo chini ya boneti, kama mjeledi uliopigwa mara moja. Taa nyekundu ya chaji ikawaka. Kitambo kidogo mshale wa joto ukaanza kupanda, na kabla dereva hajapata pa kuegesha, mvuke ukafuka mbele ya kioo. Lori lilikuwa limechemsha.

Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Ukiutazama mkononi ni kitu duni: kipande cha mpira mweusi, chembamba kuliko mshipi wa suruali. Lakini katika lori la namna ile, mkanda huo ndio uliozungusha feni inayovuta upepo kwenye rejeta. Ndio uliozungusha pampu inayoyapitisha maji katika tumbo la injini. Na ndio uliozungusha alteneta inayozalisha umeme. Katika joto lote linalotolewa na dizeli inapoungua, karibu theluthi moja tu ndiyo inayosukuma magurudumu. Sehemu iliyo sawa na hiyo huchukuliwa na maji ili injini isijiunguze yenyewe. Mkanda ukikatika, maji husimama. Na maji yakisimama, chuma kizito kilichobeba tani kadhaa huwa hakina mlinzi.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Dereva alipajua pale pabovu. Kwa siku mbili mkanda ulikuwa ukilia kila alipowasha gari asubuhi, mlio mkali kama wa panya aliyebanwa, na kwa siku mbili alijiambia kwamba ungefika Same. Hakumwambia tajiri wa gari, wala hakumwambia utingo. Mlio ule sasa ulimrudia masikioni, ingawa injini ilikuwa imezimwa.

Akina mama wakashuka. Mmoja wao, mkubwa wao kwa umri, akalitazama jua, kisha akamtazama dereva.

"Baba, si utie maji tu twende? Nyanya zetu zinapikika humo."

Utingo, kijana mwepesi, alikwisha shika dumu la maji na kitambaa, tayari kufungua kifuniko cha rejeta. Dereva akamshika mkono.

"Weka chini. Ukikifungua sasa, maji yatakurukia usoni. Na ukiimwagia baridi, utaiua."

Hakuyasema hayo kwa kuyasoma kitabuni. Miaka mingi nyuma, alipokuwa yeye ndiye utingo, bwana aliyemfundisha udereva alipatwa na mkasa kama huo. Kwa pupa akamimina maji baridi katika injini inayowaka. Chuma kilichotanuka kwa moto kikaguswa ghafla na baridi, kikasinyaa mahali pamoja na pengine kisisinyae, na silinda hedi ikapasuka. Lori lile halikuwa la kampuni. Lilinunuliwa na ndugu wanne waliouza mashamba yao. Halikuamka tena, na ndugu wale hawakupatana tena. Mitaani vijana husema mtu "amechemsha" wakimaanisha ameshindwa. Dereva hakuwahi kulitumia neno hilo kwa mzaha.

Basi wakangoja. Boneti ikafunuliwa ipate upepo, matenga yakafunikwa majani. Dumu lilikuwa na maji kidogo, nusu ya yaliyohitajika, kwa hiyo dereva akachukua njia ya miguu kuelekea mfereji aliouona ukimeremeta kati ya migomba. Hapo alimkuta bibi mmoja akizibua tope kwa jembe, maji yakipita miguuni pake kwenda katika shamba la mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Lori lako nimelisikia."

"Naomba ndoo moja tu ya maji, bibi. Limechemsha."

Bibi hakujibu upesi. "Haya si maji yangu," akasema. "Hii ni zamu ya jirani, mimi namwangalizia tu. Zamu yangu inaingia jua likifika juu ya mwembe ule. Lori lako linaweza kungoja?"

Dereva akautazama mwembe, akalitazama jua. Alikuwa akitaka kusema kwamba ndoo moja haimpunguzii mtu kitu. Kisha akakumbuka kwamba injini nayo haijapoa.

"Linaweza, bibi. Na lenyewe linangoja zamu yake."

Wapare tangu kale wamejenga ndiva, mabwawa madogo ya udongo yanayokusanya maji ya vijito usiku, yakafunguliwa mchana na kugawiwa kwa mifereji. Ugawaji huo huenda kwa zamu. Mwenye zamu akikosa, shamba hukauka. Asiye na zamu akichepusha, ugomvi huzuka. Mgeni anayepita na kuomba ndoo huona maji mengi yanatiririka. Mwenyeji huona saa ya mtu.

Muda huo wa kungoja haukupotea. Utingo alijaribu kwanza kamba ya katani. Ikateleza kwenye puli, ikatoa moshi, ikakatika. Dereva akamwambia akate utepe mrefu katika tyubu kuukuu ya tairi, wakausokota, wakauzungusha kwenye puli ya krenki na puli ya pampu, wakauvuta kwa nguvu zote na kuufunga. Alteneta wakaiacha nje: jua lilikuwa bado juu, taa hazikuhitajika, na injini ile ya dizeli, ikisha waka, haikutegemea umeme kuendelea kuwaka.

Jua lilipofika juu ya mwembe, bibi akajaza ndoo mwenyewe, akamkabidhi dereva. Rejeta ilikuwa imepoa. Utingo akakilegeza kifuniko kidogo kidogo kwa kitambaa, pumzi ya mwisho ya mvuke ikatoka, kisha maji yakatiwa polepole injini ikiunguruma taratibu. Dereva aliyasikia yakishuka. Yalikuwa maji ya mlimani, na mvua ya mlima ule huletwa na pepo zinazobeba unyevu wa Bahari ya Hindi.

Walikwenda mwendo wa mgonjwa, wakisimama kila baada ya kilomita chache kuukaza ule mpira. Same waliingia jioni, soko limekwisha pungua. Matenga ya chini yalikuwa yamepondeka, na yaliyosalia yaliuzwa kwa bei ya kutupa. Dereva hakuwatoza akina mama nauli. Tajiri wa gari alipouliza kilichotokea, ingekuwa rahisi kusema kwamba mkanda umekatika, maana mikanda hukatika. Alisema: "Ulilia siku mbili, nami nikaunyamazia." Nauli ile ilikatwa katika mshahara wake, naye hakubisha.

Siku ya tatu alipita tena Kisiwani. Nyuma ya kiti chake ulining'inia mkanda mpya wa akiba, alioununua kwa fedha zake. Akasimamisha lori, akashuka na ndoo, akaifuata ile njia ya miguu. Bibi alikuwa palepale mferejini.

"Shikamoo, bibi. Nimerudisha ndoo."

"Marahaba. Lori limepoa?"

"Limepoa."

"Haya," akasema bibi, akaitwaa ndoo yake na kuinama tena kwenye mfereji, kwa sababu siku hiyo zamu ilikuwa yake na jua lilikuwa likienda.