Honda ya Mzee na Siti ya Mtu Mmoja

Najua nimekuwa kimya mno. Mmoja kanitumia meseji akiuliza kama nimedisko, mwingine kauliza kama nimeoa. Sijadisko, sijaoa. Nilikuwa nyumbani likizo yote ndefu, mikono imejaa oili mpaka mama akanikataza kugusa sufuria zake. Leo ngoja niwape mkasa mzima, maana nimeshaahidi sana.

Kwa wasiopajua, nyumbani ni Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012, kabla ya hapo tulikuwa Shinyanga, na mzee wangu mpaka leo ukimuuliza mkoa wake anakujibu Shinyanga. Mzee alikuwa bwana shamba. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kwa wakulima wa pamba, kuangalia wadudu, kusisitiza watu wang'oe na kuchoma mabua msimu ukiisha. Kazi hiyo yote aliifanya juu ya Honda CG 125. Ofisi ilipoipiga mnada kama chakavu, akainunua yeye mwenyewe. Aliitumia miaka mingi, halafu goti likaanza kumsumbua, pikipiki ikaegeshwa nyuma ya jiko. Kuku wakaichukua. Siyo utani, wametotoa juu ya ile siti mara mbili.

Sasa mwaka jana nikiwa hapa chuo mzee akanipigia. "Kuna kijana wa chuma chakavu hapa na mzani wake. Nimuuzie?" Nikamwambia baba, tafadhali subiri, nina mpango nayo. Akauliza mpango gani. Nikasema utaona. Ukweli sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na picha tu.

Picha zenyewe nilizionea kwenye kompyuta ya rumeti wangu. Pikipiki kuukuu zimevuliwa kila kitu, hendeli ziko chini, siti fupi ya mtu mmoja yenye kinundu nyuma, taa moja ya duara mbele. Zinaitwa kaferesa, yaani pikipiki za mbio za mgahawani. Asili yake ni London. Kulikuwa na mgahawa wa barabarani unaitwa Ace Cafe, ulifunguliwa 1938, ukapigwa bomu wakati wa vita, ukajengwa upya 1949. Miaka ya 50 na 60 vijana waliokuwa wakiitwa Rockers walikuwa wanakusanyika pale na pikipiki zao. Inasemekana mtu anaweka wimbo kwenye mashine ya muziki, anatoka mbio mpaka alama fulani, na anatakiwa arudi kabla wimbo haujaisha. Ndoto yao ilikuwa kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Mgahawa ulifungwa 1969 ukafunguliwa tena 2001.

Kilichonivutia ni kwamba wengi wao hawakuwa matajiri. Walichukua pikipiki ya kawaida ya kwendea kazini wakaipunguza. Fizikia yake hata wa fomu two anaielewa: nguvu ya injini ni ileile, ukitoa uzito, mwendo unachanganya haraka. Nikasema hii ni yangu. Mtu mwenye akiba ndogo ya boom anaweza kumudu kupunguza, siyo kuongeza. Ila CG yenyewe ina farasi kama 11 hivi, kwa hiyo maili 100 labda uitupe kutoka mlimani, teh teh teh.

Basi nikajibana. Wali maharage mchana, usiku chai na mkate, tena mkate wa kuomba (samahani rumeti). Nikaongeza hela za tuition ya fizikia kwa fomu four. Nilipofika Mwanhuzi mfukoni nilikuwa na laki tatu na nusu.

Kuna fundi mmoja wa pikipiki karibu na stendi, mtu mzima, anaheshimika. Nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaangalia muda mrefu. "Mwalimu," akaniita, maana mtaani nikishasema nasomea ualimu basi jina langu limepotea, "hii imepata ajali au bado?" Vijana wote kijiweni wakaangua kicheko. Lakini akakubali. Mkataba wetu ulikuwa hivi: mimi ni saidia fundi wake, na jioni namfundisha mwanawe hesabu za mtihani wa kidato cha pili. Hela ya ufundi wa injini hakuna.

Hapo ndipo nilipojifunza kwa nini watu wazima wanaiheshimu CG. Ilianza kuuzwa mwaka 1976, na iliundwa kwa ajili ya nchi kama zetu, mahali ambapo pikipiki inabebeshwa mzigo wa punda na sevisi hairudi kwa wakati. Vali zake zinasukumwa na vijiti virefu kutoka chini, kwa hiyo hakuna cheni ndani ya injini ya kulegea au kukatika. Wachina waliipenda wakaiiga, na wameiiga sana. Faida yake kwangu ni kwamba duka lolote la spea za bodaboda lina pistoni ya milimita 56.5 inayoingia bila ubishi. Mzee aliponiona naweka pistoni ya Kichina kwenye Honda yake aliguna tu. Hakusema neno.

Matumizi nimeyaandika kwenye daftari, nayaweka hapa kwa yeyote atakayetaka kujaribu:

Silinda, pistoni na ringi 45,000
Kabureta 35,000
Cheni na sproketi 30,000
Tairi mbili na tyubu zake 110,000
CDI, koili na plagi 25,000
Betri 25,000
Waya za klachi, breki na mafuta 12,000
Viatu vya breki 10,000
Rangi na msasa 28,000
Kukata na kuchomelea fremu 20,000
Kushona siti 20,000

Jumla 360,000. Tanki halikunigharimu kitu. Lilikuwa na kutu ndani, tukatia kokoto ndogo na petroli kidogo, nikalitikisa siku mbili kama mtu anayechunda maziwa, likatoka uji mwekundu. Nikarudia mpaka petroli ikatoka safi.

Wenye hesabu mmeshaona kuna pengo. Nilikuwa na 350,000. Hapa sasa ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Mzee alikwenda msibani Mwandoya, akakaa siku nne. Mimi nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikaisukuma Honda mpaka kwa fundi nikamwambia tukate fremu ya nyuma, siti iwe fupi kama kwenye picha. Fundi akaniuliza mara mbili. "Mwalimu, una hakika? Ukishakata umekata." Nikasema nina hakika. Grenda ikalia, cheche zikaruka, bomba likadondoka chini. Kisha nikachukua keria, ile keria nzito ya chuma aliyotengenezesha mzee kwa ajili ya kubebea pampu za kupulizia dawa na magunia ya mbegu, nikamuuzia kijana wa bodaboda kwa 15,000. Pengo likazibika, ikabaki 5,000 ya petroli. Niliona nimecheza kama Pele.

Mzee aliporudi nilikuwa nimeifunika turubai. Nikamwambia asifunue, ni sapraizi. Akacheka.

Jumamosi asubuhi tukaiwasha. Kiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tano ikakohoa, ya saba ikawaka. Jamani ule mlio! Kuku walitawanyika mpaka kwa jirani. Mama akatoka na mwiko mkononi. Tanki jeusi linang'aa, hendeli chini, taa moja ya duara. Nilikuwa nasubiri mzee atoke aone.

Akatoka. Alikuwa amevaa koti lake la kazini, lile la kaki, na kofia. Sikuelewa kwa nini amevaa koti. Akaizunguka taratibu, akagusa tanki, akainamia injini akasikiliza. "Inaunguruma kama zamani," akasema. Halafu akaja nyuma yangu, akanishika bega, akanyanyua ule mguu wake mbovu kwa shida. Mguu ukabaki hewani. Akaangalia chini. Hakukuwa na mahali pa kukaa, kulikuwa na kinundu cha sponji na tairi.

"Eh," akasema. "Kumbe ni ya mtu mmoja."

Akashusha mguu, akarudi ndani. Baadaye nilimwona kibarazani, koti ameshalivua.

Mama ndiye aliyeniambia. Mzee alikuwa amempigia simu rafiki yake wa siku nyingi, mkulima wa Mwanjolo, wamefanya kazi pamoja tangu sijazaliwa. Alimwambia leo nakuja na Honda, kijana wangu ameifufua. Yule mzee naye alikuwa anasubiri. Hawajaonana tangu goti limeanza, na yeye mwenyewe macho hayamruhusu kusafiri.

Wadau, nilikaa pale nyuma ya jiko nikaiangalia ile pikipiki, ikaonekana mbaya. Vijana wa London walikuwa na haki yao ya kukata siti. Walikuwa wanakwenda mahali na kurudi wenyewe kabla wimbo haujaisha. Kwetu nani anapanda pikipiki peke yake? Kijana wa bodaboda akipata hela anaongeza: keria, mwamvuli, redio, siti ndefu zaidi. Tunawacheka wanavyobeba mishikaki, lakini huko vijijini pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo lori la pamba, ndiyo harusi. Miezi yote ile niliulizana na kila mtu kuhusu kabureta, na sikumuuliza mwenye Honda swali moja: baba, ikiwaka utataka kwenda wapi?

Jumatatu nikarudi kwa fundi. Sikuhitaji kueleza. "Ya mzee?" akauliza. Nikatikisa kichwa. Bomba nililokata lilikuwa limeshakwenda na chuma chakavu. Kijana niliyemuuzia keria nikamfuata, akataka 25,000. Biashara ni biashara, simlaumu. Lakini huyohuyo akaniachia pikipiki yake ya Kichina nusu siku nzima, tukapima fremu yake kwa futi, kipande kwa kipande. Fundi akanunua bomba nene, akachomelea, akaweka vyuma vya kuunga pembeni. Kabla hajakubali mtu akae, tulifunga gunia la mahindi la kilo 100 pale nyuma, nikaenda nalo polepole kwenye barabara yenye makorongo, nikarudi, tukakagua kila mchomeleo kama una ufa. Siti tukashona upya, ndefu, bila kinundu. Hendeli nazo nikazipandisha kidogo, maana zile za chini kwenye changarawe zilikuwa zinaniua viganja.

Bomba na kuchomelea 25,000, siti mpya 20,000. Mama aliuza majogoo wawili. Kwa hiyo kuku walionyang'anywa siti ndio walioilipia siti.

Kwenda Mwanjolo sikuzidi kilomita 40 kwa saa, wala sikuthubutu. Mzee amekaa nyuma na koti lake, mkono mmoja begani kwangu. Mwanzoni kimya. Tulipotoka mjini akaanza: hapa punguza, kuna mchanga. Pale palikuwa na shamba darasa. Yule bwana mwenye nyumba ile alikuwa mbishi, hakutaka kuchoma mabua, funza wakamla msimu mzima. Hadithi zote hizo sikuwahi kuzisikia nyumbani, maana nyumbani mzee haongei. Tulipofika, yule rafiki yake alikuwa ameshatoka uani. Alikuwa ameusikia mlio tangu mbali. Hakuiona rangi wala taa yangu ya duara. Akanyoosha mkono akapapasa tanki, akasema, "Ni yenyewe."

Wale wazee walikaa chini ya mti mpaka jua linazama. Mimi nilikuwa nasubiri pembeni, nalinda pikipiki dhidi ya watoto, na sikuwa na haraka.

Kwa hiyo mkiniuliza kama nimetengeneza kaferesa, jibu sijui. Mbele ni kaferesa, nyuma ni bodaboda. Ukiipeleka Ace Cafe wataiuliza kama imepotea njia. Keria bado sijainunua, naisubiri boom ijayo.

Juzi mzee kapiga simu. Anasema amempa kijana wa jirani kazi ya kuiwasha kila Jumamosi ili isilale. Nikamuuliza, anaiwasha tu? Akanyamaza kidogo, akasema, "Na Mwanjolo siyo mbali."

Haya wapendwa, kesho nina test ya umeme na sumaku na sijafungua hata ukurasa. Niombeeni. Alamsiki.