Pawatila, Guta na Mafao ya Baba

Najua nimewapotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Madibira, na safari hii sikuitwa kwa msiba wala harusi. Niliitwa kushauri jinsi ya kutumia mafao ya baba.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Amestaafu, mafao yametoka, na sehemu yake alitaka inunue chombo cha kubebea mpunga. Kwa ambao hamjafika kwetu: Madibira iko wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, lakini mimi nikitoka Dar hushukia Mafinga, mkoa wa Iringa, ndipo niingie ndani. Kuna skimu ya umwagiliaji ya hekta zipatazo 3,000, maji yake yanatoka mto Ndembera. Karibu kila unayekutana naye ama analima mpunga, ama anaukoboa, ama anaubeba. Hao wanaoubeba ndio walikuwa wanammaliza baba. Kila mavuno alilipia usafiri kwa magunia yenyewe, na ghalani kwake yakaingia pungufu.

Mimi mtoto wa mjini nikafika na picha kwenye simu. Pikipiki za matairi manne za wakulima wa Marekani, na vile vigari vya wazi vyenye viti viwili sambamba na bodi dogo la mizigo nyuma. Tairi pana zenye upepo mdogo, hazizami ovyo. Magurudumu yote manne yanavuta, na ukifunga difu yanazunguka pamoja hata kwenye tope. Baba akavaa miwani, akaangalia, akaangalia tena.

"Kizuri sana hiki, mwanangu. Kikiharibika, fundi wake anakaa wapi?"

Nikanyamaza. Nikaendelea kunyamaza.

Maana pale kwetu fundi wa pawatila humtafuti, unamkuta chini ya mwembe. Mashine hizo zilisambaa sana wakati wa Kilimo Kwanza, ile kaulimbiu ya mwaka 2009. Injini yake ni ya dizeli, silinda moja, na vijana wanaifungua kama wanamenya viazi. Guta nalo, pikipiki ya matairi matatu yenye bodi nyuma, spea zake ziko hapohapo senta. Kwa hiyo picha zangu zikarudi mfukoni, ubishi ukabaki kwa hayo mawili.

Mdogo wangu alikuwa upande wa pawatila. Inalima, inavuruga tope, ukiifunga tela inabeba, na ukimaliza shamba lako unalimia majirani wakulipe. Hoja nzito. Baba akasema mashine haichaguliwi kwa mdomo. Tukaazima guta la jirani na pawatila ya mjomba, tukaenda nazo shambani. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua bado zinanyesha.

Guta liliaibika mapema. Njia ya shambani ina mifereji miwili iliyochimbwa na matairi ya magari. Gari linapita humo vizuri, lakini guta lina gurudumu moja mbele, na hilo linapanda kwenye kile kituta cha katikati, likiyumba huku na huku. Mara tairi moja la nyuma likaingia kwenye tope. Likawa linazunguka peke yake, mwenzake ametulia kama hayamhusu. Ndivyo ilivyo difu isiyofungwa: nguvu inakimbilia pale penye wepesi. Pawatila ikaja, ikalivuta. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Wakati wa kurudi nikaomba niendeshe pawatila, baba akiwa amekaa kwenye tela. Kwenye tambarare ni raha tupu. Kuna vibanio viwili mikononi. Ukibana cha kushoto, gurudumu la kushoto linakatiwa nguvu, unakata kushoto. Tukapanda tuta la mfereji mkubwa, tukaanza kushuka. Nikabana kushoto.

Ikaenda kulia. Na kulia kulikuwa na mfereji umejaa maji.

Baadaye ndiyo nikaelezwa kuwa mteremkoni mambo yanageuka. Gurudumu ulilolikatia nguvu halishikiliwi tena na injini, linaserereka kuliko mwenzake, na mashine inageukia upande mwingine. Mdogo wangu aliruka, akanipokonya vibanio, akaisimamisha. Tairi moja la tela lilikuwa linaning'inia juu ya maji. Baba alishuka polepole, akajikung'uta suruali, akauliza kwa sauti yake ileile ya darasani:

"Nani atakuwa anaendesha hii?"

Mdogo wangu yuko chuoni Mbeya mjini. Mimi niko Dar. Baba ana miaka 61 na magoti yake mnayajua nyie mlio na wazazi.

Jioni tukahesabu upya, safari hii kwa miezi. Wakati wa maji kazi ni kulima, na hiyo anaweza kukodi pawatila ya mjomba siku chache. Magunia yanatoka shambani mwezi wa sita na wa saba, njia imekauka, na hapo guta linapita. Kilichokuwa kinamla si kulima, ni kubeba. Na kwenye guta anakaa, anashika usukani unaokata upande uleule alioukusudia.

Tukanunua guta. La bluu. Nikamkumbusha baba kuwa masika litalala tu pale uani.

"Lilale," akasema. "Hata mimi masika napumzika."

Mama hakuwa amechangia neno siku zote hizo. Alilizunguka mara moja, akapanda kwenye bodi, akapima kama mkeka unaenea, akasema siku za kliniki sasa hataomba lifti kwa mtu. Jambo hilo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelihesabu.

Ile picha bado ninayo kwenye simu. Nikiitazama najiona mimi ndiye nimekaa kwenye kile kiti, nimevaa miwani ya jua, nimekuja likizo ya wiki moja. Nyie wenzangu, mkiwanunulia wazazi kitu, huwa mnamnunulia nani hasa?