Bibi Aliyesingiziwa Sihiri kwa Upele wa Mjukuu

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Lakini katika nyumba nyingi za Pwani, mtoto akiugua, wakubwa huanza kuulizana jambo lingine kabla hata uji haujatiwa jikoni, nalo ni hili: ni nani aliyemfanya? Swali hilo limevunja undugu wa watu wengi, na lilikaribia kuivunja nyumba moja iliyo kando ya Msambweni, katika kaunti ya Kwale.

Katika nyumba hiyo alikaa bibi mmoja mjane, pamoja na mkewe mwanawe na mjukuu wa miaka sita. Mwana mwenyewe alifanya kazi katika hoteli moja ya Diani, na hurudi nyumbani mara moja kwa juma. Bibi alishikwa na maumivu ya ubavuni, upande wa kushoto, kama mtu aliyechomwa kwa moto. Siku ya tatu yakatoka malengelenge, yakajipanga kutoka kifuani hata mgongoni. Wazee waliyaona wakayatambua mara moja: huo ni mkanda wa jeshi. Bibi akajipaka mafuta ya nazi, akavumilia. Na usiku, kama desturi yake, akalala kitanda kimoja na mjukuu wake.

Baada ya majuma mawili yule mtoto akapata homa. Kesho yake vikamtoka vipele tumboni na kichwani. Asubuhi vilikuwa kama alama za kuumwa na mbu, na jioni vilikwisha jaa maji. Alijikuna usiku kucha hata akatokwa na damu.

Hapo maneno yakaanza kisimani. "Ugonjwa wa mama mkwe umepoa," akasema jirani mmoja, "na sasa umehamia kwa mtoto. Wazee wengine hujikomboa kwa damu changa." Neno kama hilo si mzaha katika Pwani ya Kenya, ambako wazee kadha wa kadha wamepoteza maisha yao kwa kushukiwa uchawi.

Habari zikamfikia mwana kwa simu. Alipofika nyumbani hakumpa mama yake shikamoo. Alimwondoa mtoto katika chumba cha bibi, akakataza asimguse. Bibi hakujitetea. Kila asubuhi na jioni alichuma majani ya mwarobaini, akayachemsha, akayaacha yapoe, kisha akaiweka sufuria mlangoni na kwenda zake. Mkwewe ndiye aliyeyachukua maji hayo akamwogesha mtoto.

Mwana alitaka kwenda kwa mganga wa ramli ili ajue mbaya wake. Mkewe akamwambia, "Bwana, ramli haitakimbia. Kwanza twende zahanati." Wakaenda.

Mwuguzi aliyewapokea alikuwa mama mtu mzima. Alimtazama mtoto, akasema ni tetekuwanga. Kisha akauliza swali ambalo hawakulitarajia: "Je, nyumbani kwenu yuko mtu aliyeugua mkanda wa jeshi hivi karibuni?"

Yule bwana akanyamaza kitambo. "Ni mama yangu," akajibu.

"Basi jambo hili ni wazi," akasema mwuguzi. "Magonjwa hayo mawili ni ya kirusi kimoja. Mtu akiugua tetekuwanga utotoni hupona, lakini kirusi hakifi. Hujificha katika mishipa ya fahamu miaka arobaini, hata sitini. Uzee ukija na nguvu zikipungua, huamka na kutoka kama mkanda wa jeshi. Na mtu ambaye hajapata kuugua tetekuwanga, akigusa maji ya malengelenge yale, huugua tetekuwanga. Mama yako alikuwa akimlaza mjukuu wake tu."

Maneno ya mwuguzi yule yana historia ndefu. Mwishoni mwa karne ya 19, tabibu mmoja wa Budapest, János von Bókay, aligundua kwamba watoto walishikwa na tetekuwanga katika nyumba zilizokuwa na mgonjwa wa mkanda wa jeshi. Wengi hawakumsadiki. Katika miaka ya 1950, Thomas Weller wa Marekani alikiotesha kirusi chenyewe katika maabara, akaonyesha kwamba ni kimoja. Na mwaka wa 1974 Michiaki Takahashi wa Japani alitangaza chanjo ya tetekuwanga. Yeye aliianza kazi hiyo baada ya kumwona mwanawe mwenyewe akiteseka kwa ugonjwa huo.

Mwuguzi aliyasifu maji ya mwarobaini, maadamu ni ya vuguvugu na ni ya kuogea tu. Mafuta ya mbegu zake hayanyweshwi mtoto mdogo, kwani yanaweza kumdhuru ubongo. Baada ya kuoga mtoto afutwe taratibu kwa kanga laini, bila kusuguliwa, kisha apakwe losheni ya kalamini ipunguzayo mwasho. Kucha zikatwe fupi na mikono ioshwe mara kwa mara, kwa maana kovu na usaha huletwa na kujikuna zaidi kuliko na upele wenyewe. Avishwe nguo nyepesi za pamba, wala asifunikwe mablanketi kwa kudhani kwamba upele utarudi ndani. Kama kinywa kina vidonda, apewe uji uliopoa na maji ya dafu.

Baba mtu alikuwa na vidonge vya aspirini mfukoni, alivyonunua dukani. Mwuguzi akamkataza kabisa. Aspirini ikipewa mtoto mwenye tetekuwanga yaweza kuleta ugonjwa wa ghafula wa ini na ubongo, nao huua. Ibuprofeni nayo haifai. Dawa ya homa ni parasetamoli, kwa kipimo cha umri na uzito wake.

Tena akaonya kwamba mtoto akae nyumbani mpaka vipele vyote vimekauka na kufanya magamba. Mwanamke mja mzito ambaye hajapata kuugua, mtoto mchanga, na mtu ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu, wasimkaribie. Na kama wamekwisha mkaribia, wamwone daktari upesi. Mtoto akihema kwa shida, akilala mno bila kuamka vizuri, au ngozi ikivimba na kuwa nyekundu na yenye moto, apelekwe hospitali saa ile ile.

Yafaa pia watu wasichanganye tetekuwanga na ukambi. Ukambi huja na homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu, na vipele vyake havina maji. Huanzia nyuma ya masikio na usoni. Huo si wa kutunzwa nyumbani tu. Mtoto apelekwe akapewe vitamini A, kwa kuwa ukambi waweza kupofusha na kuua. Chanjo yake hutolewa nchini Kenya mtoto akiwa na miezi 9, na tena miezi 18.

Kuhusu mkanda wa jeshi, mgonjwa afike kwa daktari mapema, kwa maana dawa ya asaikloviri hufaa zaidi ikianzwa katika siku tatu za kwanza za upele. Malengelenge yafunikwe mpaka yakauke. Na kijana akiupata, ni vema apimwe virusi vya UKIMWI, kwa kuwa mkanda huweza kuwa ishara ya kinga iliyopungua.

Siku ile mwana alirudi nyumbani, akamkuta mama yake ameketi jikoni mbele ya sufuria. Akavua viatu, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu bibi. Kisha akaongeza, "Wewe ulipougua, nilikuogesha kwa majani ya mti huu huu. Ulikuwa mkaidi kuliko mwanao."

Jioni hiyo bibi mwenyewe ndiye aliyemwogesha mjukuu wake, na baba mtu ndiye aliyemshikia sufuria. Magamba yalikauka yote siku ya tisa, na mtoto akarudi shuleni. Lakini maneno ya kisimani hayakukauka upesi hivyo. Ilimpasa yule bwana kwenda nyumba kwa nyumba, akieleza aliyoambiwa na mwuguzi, mpaka jirani yule alipokuja mwenyewe kumwomba bibi radhi.